SOMO LETU: MTOTO AKITOLEWA KWENYE MASHINE YA KUPUMUA



Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 huenda mapafu yake yakawa bado machanga. Hospitalini husaidiwa na mashine ya kumsukumia hewa, au mirija midogo ya puani. Siku mashine inapotolewa, jamaa wengine hulia, "Wamemwacha afe." Wengine husema, "Amepona, twende nyumbani, bili inapanda." Yote mawili si kweli. Hapo ndipo kazi nyingine inaanza.

KWA NINI PUMZI HUSIMAMA?
Sisi hupumua hata tukilala kwa sababu ubongo hutoa amri bila kuchoka. Ubongo wa mtoto huyu haujakomaa, basi mara nyingine husahau. Pumzi ikisimama sekunde 20 au zaidi ni hatari: midomo hugeuka buluu, moyo hupiga polepole. Kwa watoto wengi hali hii huisha wanapokaribia siku ambayo wangetimiza miezi tisa tumboni.

HOSPITALI HUFANYA NINI?
1. Dawa ya kafeini, ile iliyomo ndani ya kahawa, huamsha ubongo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumiwe wakati wa kumtoa kwenye mashine mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34. Hupimwa kwa uzito wake. Tafadhali, usimpe mtoto kahawa nyumbani!
2. Mtoto hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Baba au nyanya aweza kumpokea mama. Shingo ya mtoto isijikunje.
3. Huangaliwa usiku na mchana. Pumzi ikisimama, nesi humsugua mgongo au nyayo, na mara nyingi hupumua tena.

Kati ya 2016 na 2018 utafiti ulifanywa katika hospitali na vituo 20 vya Migori, na Busoga kule Uganda. Palipoongezwa mafunzo ya wahudumu, watoto wadogo waliokufa wakati wa uchungu au kabla ya siku 28 walikuwa kama 15 kwa kila 100. Kwingine walikuwa 23. Mikono iliyofundishwa huokoa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?
Mama aliyelazwa Homa Bay mjini, na nyumba yake iko Ndhiwa au Mbita, anaweza kukaa huko wiki nyingi. Akiwaza palizi na watoto aliowaacha, ataomba kutoka mapema. Basi tumpalilie shamba, tuwalishe watoto, tumtumie nauli na chakula.

Akirudi nyumbani, mtoto akiacha kupumua, akigeuka buluu, akikataa kunyonya au akiwa baridi, msugue mgongo, usimtikise, mkimbize hospitali akiwa kifuani.

MASWALI YA KUJADILI
1. Mfuko wetu una pesa za boda boda usiku?
2. Nani atashika jembe la mama aliyelazwa?
3. Akina baba, mko tayari kumbeba mtoto kifuani?