Ubadala katika Haidrokaboni Arometiki: Mtihani wa Istilahi

Wanaisimu hukubaliana kwamba lugha yoyote yaweza kueleza taaluma yoyote. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anapotakiwa kueleza kemia kwa lugha hiyo, aghalabu husita. Makala haya yanaipima kauli hiyo kwa mada moja: haidrokaboni.

Haidrokaboni ni misombo iliyoundwa kwa kaboni na haidrojeni pekee. Makundi yake makuu ni manne. Katika alkani, mathalani ethani (C2H6), kaboni huunganishwa kwa bondi moja moja. Alkeni, mathalani etheni (C2H4), zina bondi maradufu, nazo alkini, mathalani ethini (C2H2), zina bondi ya mara tatu. Kundi la nne ni arometiki, na mfano wake mashuhuri ni benzeni (C6H6), iliyotengwa na Michael Faraday mwaka 1825. Mwaka 1865, August Kekulé alipendekeza kwamba kaboni zake sita zimejipanga kama pete.

Tofauti hudhihirika katika bromini. Etheni huifungua bondi yake maradufu na kuzipokea atomu zote mbili za bromini. Huo ni ujumlisho. Benzeni haifanyi hivyo kwa urahisi, kwani elektroni sita zilizosambaa katika pete nzima huiimarisha. Pakiwapo kichocheo kama bromidi ya chuma, atomu moja ya bromini huchukua nafasi ya haidrojeni moja, nayo pete husalia. Huo ni ubadala.

Kwa nini tusiseme "ubadilishaji"? Kwa sababu kila mmenyuko hubadilisha kitu. "Ubadala" hubainisha kwamba kijenzi kimoja kimeshika nafasi ya kingine ilhali muundo haukuvunjika, sawa na "Juma analima" inapokuwa "Mwalimu analima".

Vivyo hivyo, kuziita arometiki "misombo inukiayo" kungepotosha. Jina hilo lilitokana na harufu ya baadhi ya misombo ya awali, lakini kigezo cha leo ni mpangilio wa elektroni. Hapa utohozi unafaa kuliko tafsiri.

Ni dhahiri, basi, kwamba upungufu haumo katika Kiswahili. Anayeunda istilahi bila kuielewa dhana huzaa neno tasa. Kwa hivyo, mwanaisimu na mwanakemia hawana budi kuketi meza moja.