Kwa Nini Faili Hukatika Ndani ya Mzizi wa Jino?

Ukurasa wa masomo safari hii umetuangukia sisi wa udaktari wa meno. Nimechagua jambo ambalo wenzetu wa uhandisi huenda wakalielewa haraka kuliko sisi.

Faili ninayoisema si jalada la karatasi. Ni jamaa ya tupa ya fundi chuma, ila nyembamba kama sindano: namba 25 ina unene wa milimita 0.25 nchani. Kazi yake ni kusafisha na kupanua mfereji wa mzizi kabla haujazibwa. Zamani zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, na kwenye mzizi uliopinda zile nene zilikuwa ngumu, zikitaka kunyooka na kujichongea njia yao. Mwaka 1988 Walia na wenzake walichapisha utafiti wa faili zilizochongwa kutoka waya wa nikeli na titani, ule wa kupangia meno. Hizi hupinda na kurudi, hivyo huweza kuzungushwa kwa mashine hata kwenye kona.

Hukatika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusokotwa: ncha inanasa, huku mashine inaendelea kuzungusha shina. Hutokea daktari anapoisukuma kwa nguvu, au kama njia haikufunguliwa kwanza kwa faili ndogo ya mkono. Hiyo haina fumbo.

Ya pili ni uchovu wa chuma. Chukua waya, ukunje huku na huku. Utakatika bila wewe kuuvuta. Faili inayozunguka ndani ya kona hufanyiwa hivyo hivyo. Upande wa nje wa kona unanyooshwa, wa ndani unabanwa, na nusu mzunguko baadaye pande zinabadilishana. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, hiyo ni mitano kila sekunde. Kona ikiwa kali, au faili ikiwa nene pale inapopinda, uhai wake hupungua upesi.

Ubaya ni kwamba faili ya chuma cha kawaida mara nyingi huonya: mizunguko yake inafumuka, unaiona, unaitupa. Ya nikeli na titani inaweza kuonekana mpya kabisa huku nyufa ndogo zimekwisha anza. Ndiyo maana siridhiki na kauli ya "bado nzima hii" pale kliniki zinaporudia faili kuokoa gharama. Jicho halitoshi, matumizi yaandikwe, na iliyopita kwenye gego lenye mizizi iliyopinda sana itupwe hata kama inang'aa.

Na ikikatika? Mgonjwa aambiwe siku hiyo hiyo, na iandikwe kwenye kumbukumbu zake. Kipande chenyewe si sumu. Kinachotisha ni vijidudu vilivyobaki nyuma yake, mahali ambapo dawa ya kusafishia haifiki. Mfereji ukiwa ulikwisha safishwa vizuri, mara nyingine kipande huachwa humo na jino likazibwa, kwa sababu kukichimbua kunaweza kula mzizi mwingi kuliko faida yake.