Hofu ya Daktari wa Meno: Ganzi, Gesi au Usingizi?

Jino linapouma usiku, wengi humeza dawa ya maumivu na kusukutua kwa maji ya chumvi. Asubuhi maumivu yakitulia, safari ya hospitali huahirishwa. Mara nyingine kizuizi si nauli wala foleni, bali ni hofu: hofu ya sindano, ya sauti ya mashine ya kutoboa jino, au kumbukumbu ya jino lililong'olewa utotoni kwa maumivu makali.

Hofu hiyo ina madhara. Tundu dogo ambalo lingezibwa mapema huendelea kuchimba hadi kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu. Usaha hujikusanya kwenye mzizi na shavu huvimba. Uvimbe ukienea chini ya taya na shingoni, unaweza kubana njia ya hewa na kuhatarisha maisha. Isitoshe, ganzi haishiki vizuri penye usaha, kwa sababu asidi iliyo katika sehemu yenye maambukizi huzuia dawa kupenya kwenye neva. Kwa hivyo anayechelewa kwa kuogopa kuumia hujiongezea uwezekano wa kuumia.

Habari njema ni kwamba hofu hutibika. Zipo njia kadhaa za kumtuliza mgonjwa, na kila mwananchi anafaa kuzielewa kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari.

Ganzi na dawa ya kutuliza ni vitu viwili

Sindano ya ganzi, ambayo mara nyingi huwa na dawa iitwayo lignokeini, huondoa maumivu mahali ilipodungwa pekee. Hushika kwa dakika chache, na mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa saa mbili hadi nne. Mgonjwa husikia kusukumwa na kuvutwa, lakini si maumivu. Dawa ya kutuliza nayo hupunguza wasiwasi, wala haichukui nafasi ya ganzi. Ndiyo maana hata aliyetulizwa kwa gesi au kidonge bado hudungwa ganzi.

Kwa wengi, ganzi na mazungumzo hutosha. Mgonjwa anafaa kusema waziwazi, "Daktari, naogopa." Daktari anaweza kumpaka ganzi ya mafuta kwenye ufizi kabla ya sindano, kumweleza kila hatua, na kukubaliana naye kuwa akiinua mkono kazi itasimama.

Gesi ya kutuliza

Gesi ya nitrasi oksaidi huchanganywa na oksijeni na kuvutwa kupitia kifuniko cha pua. Si mpya: mwaka 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe baada ya kuvuta gesi hiyo. Mgonjwa huhisi mwili umelegea na ni mwepesi, lakini yu macho na hujibu anapoulizwa. Kazi ikiisha, hupewa oksijeni tupu kwa dakika chache, na athari za gesi hupungua haraka. Huwafaa watoto wengi wanaoweza kufuata maagizo. Haimfai mwenye pua iliyoziba, na kwa kawaida haipewi mama mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza.

Vidonge na sindano ya mshipa

Mtu mzima anaweza kupewa kidonge cha diazepamu au dawa nyingine ya jamii hiyo kabla ya matibabu. Midazolamu nayo inaweza kudungwa kwenye mshipa, na daktari huongeza kidogo kidogo hadi mgonjwa atulie. Wengi hawakumbuki vizuri kilichofanyika, ingawa hawakuwa wamelala fofofo.

Dawa hizi zikizidi, au zikichanganywa na pombe au dawa nyingine za usingizi, zinaweza kupunguza pumzi. Kwa hivyo hazinunuliwi dukani na kumezwa nyumbani kwa kukisia, wala mtoto hapewi kidonge cha mtu mzima kilichokatwa nusu. Kipimo cha mtoto huzingatia uzito wake.

Usingizi kamili

Hapa mgonjwa hulala kabisa. Njia hii hutumika kwa mtoto mdogo mwenye meno mengi yaliyooza, kwa baadhi ya watu wenye ulemavu wasioweza kutulia kitini, au kwa upasuaji mkubwa wa taya. Hufanyiwa hospitalini, kwenye chumba cha upasuaji, chini ya mtaalamu wa dawa za usingizi. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kutokula kwa saa sita na kutokunywa maji kwa saa mbili kabla. Chai ya maziwa na uji huhesabiwa kuwa chakula. Mzazi asimfiche daktari kwamba mtoto alikula, kwa kuwa chakula kinaweza kutapikwa na kuingia mapafuni.

Kabla na baada ya matibabu

Mgonjwa amweleze daktari kuhusu ujauzito, pumu, maradhi ya moyo, kukoroma sana usingizini na mzio wa dawa. Ataje pia dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba, pamoja na pombe na miraa.

Anayepewa kidonge, sindano ya mshipa au usingizi kamili aandamane na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani, ikiwezekana kwa gari, si kwa bodaboda. Kwa saa 24 asiendeshe chombo chochote, asitumie mashine, asibaki peke yake na mtoto mchanga, wala asitie sahihi mkataba kama wa kuuza shamba. Mtoto aliyepigwa ganzi achungwe asijing'ate mdomo, na asipewe chai moto hadi ganzi iishe.

Maswali ya kuuliza

Si kila kituo kina huduma hizi zote. Kabla ya kukubali kutulizwa, mgonjwa au mzazi ana haki ya kuuliza:

- Ni dawa gani itatumika, na kwa nini hiyo?
- Nani atafuatilia pumzi na mapigo ya moyo wakati daktari anashughulikia jino?
- Je, pana oksijeni, kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, na dawa za dharura?
- Gharama ni kiasi gani, na bima italipia sehemu ipi?
- Je, daktari ana leseni halali ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya (KMPDC)?

Kwa mwenye uvimbe unaofika shingoni, anayeshindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, hakuna kungoja miadi. Huyo apelekwe mara moja kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.