Uzamili wa Mawasiliano Yasiyotumia Waya: Maabara Ipo Mlimani

Kijana mwenye shahada ya kwanza ya elektroniki, mawasiliano au kompyuta anayefikiria kurudi darasani ana mengi ya kupima kabla hajajaza fomu: ada, muda, ajira na mahali pa kusoma. Majibu yaliyo hapa chini yana msimamo mmoja. Shahada ya uzamili ya mawasiliano yasiyotumia waya ina thamani kwa mtu wa Moshi endapo ataifanya kuwa kazi ya kupima ardhi yake mwenyewe. Asipofanya hivyo, atalipa ada ili ajifunze namna mawimbi yanavyosafiri katika miji ya wengine.

Swali: Simu zinafanya kazi, na intaneti imefikishwa hata Horombo. Kuna nini tena cha kutafiti?

Ni kweli kwamba Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kituo cha Mlima Kilimanjaro kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini njia ya Marangu ya wapanda mlima ni mstari mmoja, na vituo vyake vinajulikana: Mandara, Horombo, Kibo. Palipo pagumu zaidi ni chini, wanakoishi watu. Uru, Kibosho, Machame, Marangu na Rombo ni nchi ya migongo na makorongo. Mito inayoshuka kutoka msituni imeikata ardhi vipande vipande, na nyumba zimetawanyika ndani ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya migomba, kahawa na miti mirefu ya kivuli. Mnara ukisimama juu ya mgongo mmoja, nyumba za mgongo wa pili huuona vizuri, huku za bondeni, zilizo karibu zaidi, zikiwa kivulini mwa mawimbi. Kwa hiyo ramani inayopaka rangi kata nzima kwamba ina mtandao inaweza kuwa sahihi barabarani na kukosea kabisa jikoni.

Swali: Lakini kampuni za simu zina programu za kupanga minara. Uzamili unaongeza nini?

Unaongeza uwezo wa kuhoji kilichomo ndani ya programu hizo. Fomula maarufu kuliko zote katika upangaji wa mitandao ya simu ilitokana na vipimo ambavyo Yoshihisa Okumura na wenzake walifanya Tokyo na viunga vyake, vikachapishwa mwaka 1968. Mwaka 1980 Masaharu Hata aligeuza michoro yao kuwa fomula fupi, ya masafa ya megahezi 150 hadi 1,500, ikichukulia ardhi inayokaribia kuwa tambarare. Inafundishwa dunia nzima kwa sababu ni nyepesi na imefaa mahali pengi. Hata hivyo haijui korongo la Kibosho, wala haijui shamba lenye tabaka tatu za majani mabichi yaliyolowa mvua. Mpinzani atasema kwamba programu za leo hutumia ramani za miinuko na husahihishwa kwa vipimo vya barabarani. Ni hoja nzuri, lakini ina pengo: gari la vipimo hupita penye barabara, ilhali vihamba vingi hufikiwa kwa miguu. Mahali ambapo hakuna aliyepima, programu hubaki kukisia, na makisio hayo ndiyo yanayoamua nani apate huduma.

Swali: Je, 5G haitamaliza tatizo hilo?

Teknolojia mpya haibadilishi fizikia. Chukua masafa mawili yanayotumika katika simu, megahezi 700 na megahezi 3,500. Hata hewani pasipo na kizuizi, kwa antena zenye ukuzaji uleule, kupanda kutoka 700 hadi 3,500 kunapunguza nguvu inayopokelewa kwa takribani desibeli 14, yaani mara 25. Ongeza majani, ambayo hunyonya mawimbi zaidi kadiri masafa yanavyopanda, na mgongo wa kilima, ambao mawimbi ya masafa ya chini huweza kujipinda juu yake na kushuka bondeni vizuri kuliko ya masafa ya juu. Ndiyo maana kuhamia televisheni ya dijitali, kulikokamilika nchini katika miaka ya 2010, kulikuwa na maana kubwa: kulifungua nafasi katika masafa ya chini, na mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilinadi yale ya megahezi 700. Masafa ya juu yana upana unaoleta kasi. Ya chini yana uwezo wa kufika. Kuchagua mchanganyiko wa hayo mawili kwa ajili ya mteremko wa kusini ni swali la tasnifu, na hakuna kitabu cha Ulaya kitakachokujibia.

Mvua nayo ni swali jingine. Minara mingi huunganishwa kwa mikrowevu, na juu ya gigahezi 10 matone ya mvua huanza kuila nguvu ya mawimbi. Ukanda wa msitu wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, lakini jumla ya mwaka haimsaidii sana mhandisi. Anachohitaji ni ukali wa mvua unaopitwa kwa asilimia 0.01 tu ya muda, sawa na dakika kama 53 kwa mwaka. Ili kuujua lazima mvua ipimwe dakika kwa dakika. Hii ni kazi ambayo mwanafunzi mmoja mwenye kipimo kizuri na subira anaweza kuianzisha.

Swali: Nisome wapi, na je, si afadhali niende nje?

Moshi kwenyewe vyuo vikuu vimejikita kwingine, kama vile Chuo Kikuu cha Ushirika katika ushirika na biashara. Jirani zaidi ni Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, upande wa Arusha, inayofundisha uzamili wa sayansi na uhandisi wa habari na mawasiliano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma navyo vina masomo ya uhandisi wa mawasiliano. Kwenda nje kuna faida ya kweli: maabara zenye vifaa ghali na wenzako kutoka mataifa mengi. Ukipata ufadhili, nenda, ila ubebe swali la nyumbani. Popote utakaposoma utahitaji uwezekano, aljebra ya matriki na uchakataji wa mawimbi. Anza navyo kabla hujaripoti, kwa kuwa wengi hukwama kwenye hisabati kabla hawajafika kwenye antena.

Swali: Satelaiti hazitafanya elimu hii ipitwe na wakati?

Kenya ilianza kupata huduma ya intaneti ya satelaiti ya Starlink mwaka 2023, na kwa shule au zahanati iliyo mbali huduma ya aina hiyo ni msaada mkubwa. Lakini kisahani chake hutaka anga wazi, na kihamba kimejengwa juu ya kivuli. Mkulima hatakata miti inayokinga kahawa yake ili apate intaneti. Tena uwezo wa satelaiti hugawanywa kwa wote walio chini ya mwale wake. Zaidi ya hayo, satelaiti ni mawasiliano yasiyotumia waya vilevile. Anayeelewa hesabu ya nguvu kutoka mnarani hadi simuni anaelewa pia ile ya kutoka angani.

Swali: Na ajira?

Kama lengo ni kutunza minara na mitambo, stashahada au shahada ya kwanza inatosha, na miaka miwili ya kazi itakufaa kuliko miaka miwili ya darasani. Uzamili unamfaa anayetaka kupanga masafa, kubuni mitandao, kufundisha au kushauri. Kazi hizo ni chache, lakini uzito wake ni mkubwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotokana na sheria ya mwaka 2006, upo ili huduma ifike kule ambako biashara peke yake haiipeleki. Kuamua mnara ujengwe wapi ni kugawa haki, na mgao huo hauwezi kuwa bora kuliko vipimo vinavyouongoza.

Swali: Nianzie wapi?

Chagua korongo moja, liwe la Uru au la Mwika. Kwa simu ya kawaida yenye programu ya kupima nguvu ya mtandao, pita njia za miguu, andika mahali, saa na hali ya hewa, kisha linganisha na kile ambacho fomula ya Hata ingetabiri. Tofauti utakayoiona ndiyo pendekezo lako la utafiti. Lipeleke kwa msimamizi kabla ya kuomba nafasi, kwa sababu mwombaji mwenye swali lililopimwa humpa msimamizi sababu ya kumpokea, na huipa nchi sababu ya kumsomesha.