Dirhamu kongwe ni lazima iwe adimu?

SWALI: Muuzaji anataka bei kubwa kwa dirhamu ya Wasit ya mwaka 94 Hijria. Anadai sarafu ya miaka 1,300 lazima iwe adimu. Ninunue?

JIBU: Si kwa hoja hiyo, umri na uadimu ni mambo mawili. Tangu Khalifa Abd al-Malik alipoifanyia mageuzi dirhamu mwaka 79 Hijria, sarafu hizi hazikuwa na picha wala jina la mtawala. Soma maandishi yanayozunguka kalima ya tauhidi: hapo pana mji na mwaka, kwa maneno, si tarakimu. Uadimu hupimwa hapo. Wasit, mji uliojengwa na gavana al-Hajjaj huko Iraki, ulipiga dirhamu kwa wingi mno. Zinazosakwa hasa ni za miji iliyopiga chache, kwa muda mfupi.

Huenda muuzaji akajibu kwamba nyingi ziliyeyushwa. Kweli, lakini nyingi pia zilifukiwa ardhini. Hazina ya Spillings, kisiwani Gotland, Uswidi, iliyogunduliwa mwaka 1999, ilikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa za Kiislamu. Hata uadimu wa kweli, basi, waweza kupungua kwa jembe moja. Kwa hiyo lipa bei ya sarafu ya kawaida iliyo safi, baada ya kuipima: uzito wake ukaribie gramu 2.9, na ukingoni pasiwe na mshono, maana mshono ni dalili ya sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu. Dai pia maelezo ya ilikotoka; asiyeyatoa, mwachie sarafu yake.