CHANJO IFIKE HADI MWALONI
Somo kwa watumishi wa umma na wakazi wa visiwa na mialo ya Ilemela

Chanjo za watoto hutolewa nchini bila malipo. Hata hivyo, huduma isiyo na malipo si lazima iwe huduma inayofikika. Mama aliyeko kambi ya uvuvi katika kisiwa cha Bezi hana budi kupanda mtumbwi ili afike Kayenze, naye huacha dagaa wake mchangani, hulipa nauli, na hutegemea ziwa liwe shwari. Somo hili linaeleza kwa nini watoto wa kambini huachwa nyuma, na nini kifanyike.

1. Ratiba na mwendo wa wavuvi
Mtoto huanza kuchanjwa anapozaliwa, kisha hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tena miezi 9 na 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Familia ya mvuvi hufuata samaki: leo Bezi, mwezi ujao Ukerewe au Sengerema. Kituo cha kwanza humhesabu mtoto kuwa mtoro. Kituo cha pili hakimjui. Dawa yake ni kadi ya kliniki. Mzazi aichukue kila ahamapo, na mhudumu ampokee mtoto popote atokako, bila kumkemea mama kwa kuchelewa.

2. Kalenda ya mwezi
Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na asubuhi wanawake huanika. Mbalamwezi ikiingia, kazi hupungua. Siku ya huduma ya mkoba ikipangwa kwa kutazama kalenda ya ofisini pekee, mhudumu huwakuta akina mama wakiwa kazini. Inafaa tarehe ipangwe pamoja na uongozi wa mwalo, mwanzoni mwa siku za mbalamwezi, kabla watu hawajatawanyika.

3. Kichupa kimoja, mtoto mmoja
Chanjo hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Kichupa cha surua na rubela aghalabu huwa na dozi 10, na kikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu. Kwa hiyo baadhi ya wahudumu husubiri watoto wawe wengi, na mama aliye peke yake huambiwa arudi wiki ijayo. Aliyevuka maji huenda asirudi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Dozi zinazomwagwa hugharimu fedha. Surua ikiingia katika kambi yenye msongamano hugharimu uhai wa watoto.

4. Hofu na uvumi
Anayesita asidharauliwe. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, ilivumishiwa kuwa huharibu uzazi. Uvumi huo si kweli. Chanjo hiyo hukinga kirusi kiletacho saratani. Tangu mwaka 2024 msichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu. Kwa kuwa hutolewa zaidi shuleni, binti asiyesoma husahauliwa, naye atafutwe kambini.

Mfano wa UVIKO-19 unafundisha. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, lakini wengi waliendelea kusita. Idadi ilipanda baada ya wahudumu kuwafuata watu sokoni, kwenye nyumba za ibada na majumbani, na kuyajibu maswali yao.

5. Wajibu wa kila mmoja
Mtendaji na mwenyekiti: waorodheshe watoto wote wa kambini, wakiwamo wa wapangaji na wageni.
Mhudumu wa afya: aeleze kila chanjo hukinga nini, homa ndogo inayoweza kufuata, na siku ya kurudi.
Shekhe, mchungaji na kiongozi wa mwalo: watangaze tarehe mapema.
Mzazi: atunze kadi, na aulize asichokielewa.

Maswali ya kujadili
(a) Katika mwalo wenu, ni siku zipi akina mama hupata nafasi?
(b) Nani anawajua watoto waliohamia mwezi huu?
(c) Mtoto mmoja akiletwa leo, je, atachanjwa?

Kinga ni bora kuliko tiba, nayo huwa kinga pale inapomfikia mtu alipo.