Nyota changa inapimwaje? Kesi ya AB Doradus C

Swali ambalo wengi tunalipita mbio kwenye kozi ya fizikia: tungamo la nyota linajulikanaje? Mizani hakuna. Nyota iliyo peke yake inakupa mwanga na rangi, basi. Mengine unayapata kwenye modeli: unaingiza mwangaza na umri, kompyuta inakutolea tungamo. Kwa nyota za makamo kama Jua, sawa. Tatizo ni nyota ndogo zilizo changa. Hizi bado zinasinyaa na kufifia, kwa hiyo nyota ndogo ya miaka milioni 50 inaweza kung'aa sawasawa na nyingine nzito zaidi ya miaka milioni 100. Ukikosea umri, umekosea tungamo.

Ndiyo maana nyota pacha ni dhahabu. Mbili zikizungukana, kanuni ya Kepler inatosha. Chukua umbali wa wastani kati yao, ukihesabu umbali wa Dunia na Jua kuwa 1, uupandishe kipeo cha tatu. Kisha gawanya kwa miaka ya mzunguko mmoja, kipeo cha pili. Umbali ukiwa 4 na miaka 8, ni 64 kwa 64, jibu 1: zote mbili kwa pamoja zina tungamo la Jua moja. Kugawana je? Angalia ipi inayumba zaidi. Hiyo ndiyo nyepesi. Mpaka hapo modeli hujaigusa, kwa hiyo unaweza kuisahihisha kama mtihani.

Mtihani wenyewe ulifanyika kwa AB Doradus, mfumo wa anga ya kusini ulio takriban miaka 49 ya nuru kutoka hapa. Nyota yake kuu, A, hujizungusha mara moja kwa kama nusu siku. Miaka ya 1990, darubini za redio na satelaiti ya Hipparcos zilionyesha A inayumba: kuna kitu kinaivuta. Mwaka 2005 timu ya Laird Close ikakipiga picha kwa darubini ya VLT huko Chile, ingawa mwanga wake ni hafifu zaidi ya mara 100 kuliko wa A. Kikaitwa C. Tungamo lake: 0.09 ya Jua. Modeli, kwa mwanga ule na umri wa miaka milioni 50, zilitabiri kama nusu tu!

Sasa mkosaji nani? Close na wenzake walizishuku modeli. Mwaka huohuo Kevin Luhman na wenzake wakajibu: angalieni umri kwanza, AB Doradus ni rika la Kilimia (ndiyo, kilekile cha wazee wetu cha kujulia msimu wa kulima), yaani zaidi ya miaka milioni 100. Kwa umri huo pengo karibu linaisha. Binafsi naona hoja yao ilikuwa na nguvu, maana umri ndio uliokuwa kipimo dhaifu kuliko vyote.

Halafu mwaka 2019 akaja mshukiwa wa tatu. Vipimo vilivyounganisha darubini za VLT vilionyesha kwamba yaelekea C yenyewe ni pacha: 0.072 na 0.013 ya Jua. Tungamo la wawili lilikuwa likilinganishwa na modeli ya mmoja.

Ugomvi huu unagusa pia sayari za mbali zinazopigwa picha. Nyingi hupewa tungamo kwa njia ileile, mwanga na umri ndani ya modeli. Mpaka wa kawaida kati ya sayari na kibete kahawia ni kama mara 13 ya Mshtarii, kwa hiyo kosa la maradufu linatosha kukibadilisha kitu jina. Na yule mdogo wa 0.013 amekaa karibu kabisa na mpaka huo.